Mwenye nyumba Munyaka aliniambia nimruke agent, tuuziane direct

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hapa siongezi chumvi. Mke wangu yuko kwa hii forum na nikikosea atanirekebisha mbele yenu.

Tulikuwa tunatafuta nyumba ya kununua hapa Eldoret. Landlord alitaka nyumba yake, kijana wake anaoa. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Kwa hivyo hatukuwa tunazunguka kujifurahisha.

Agent wetu ni msichana anaitwa Chebet. Alituzungusha wiki nyingi, mvua na matope, na hakutuitisha hata fare. Commission yake hutoka kwa muuzaji, nyumba ikiuzwa. Isipouzwa, amepoteza muda wake.

Mwishowe akatupeleka mtaa wa Munyaka, kwa nyumba aliyokuwa ametangaza kwa page yake. Vyumba vitatu, bati jipya, shamba ndogo ya sukuma wiki nyuma. Mwenyewe ni Baba Ciku, mzee mpole, hata alitufungia sukuma tukiondoka. Mke wangu alisimama jikoni akakataa kutoka, nikajua tumefika.

Jioni Baba Ciku akanipigia. Alikuwa amechukua namba yangu Chebet akiwa nje. Akaomba nirudi peke yangu tuongee direct. Bei atapunguza, na ile commission itamsaidia, kwa sababu mkewe amelazwa hospitali ya Plateau na bill inapanda kila siku.

Angekuwa mjanja tu, ningemkatalia hapo hapo. Lakini huyu ana mgonjwa. Na mimi nina mke mjamzito na landlord mlangoni.

Nikamwambia sawa.

Toka hiyo siku sikulala vizuri. Chebet akituma message kuuliza tumeamua aje, nilikuwa nageuza simu kifudifudi. Nilijiambia hatujaandikishana naye kitu chochote. Ni kweli, lakini bado sikumjibu.

Kisha baba yangu, mzee wangu anayekaa Sugoi, akasema haendi kwa lawyer na mimi kabla ya chai ya majirani.

Kwa wasiojua: kwetu hununui mahali kimya kimya. Muuzaji anawaita wanaopakana naye, mnakunywa chai, na mkubwa wao anauliza ni nani aliwakutanisha. Atakayetajwa anakuwa shahidi. Siku mkikosana, yeye ndiye ataitwa kwanza.

Baba Ciku hakutaka hiyo chai, maana majirani wanamjua Chebet. Mzee wangu akakaza. Mwishowe Baba Ciku akakubali, lakini akanivuta kando.

"Wakikuuliza, sema ulisikia kwa kanisa," akaniambia. "Mambo ya huyo msichana wachana nayo."

Jumamosi tukaketi kwa Baba Ciku. Niliogopa, wakuu. Nilishika andazi moja mpaka likawa makombo mkononi.

Mkubwa wa majirani ni Mama Njoki, mwenye duka la hapo karibu. Aliongea mambo ya fence, ya maji, ya mbwa wa jirani, hadi nikadhani amesahau lile swali. Kisha akanigeukia.

"Sasa wewe kijana, nani alikuleta kwa Baba Ciku? Tujue mtu wa kuita."

Kanisa lilikuwa kwa ncha ya ulimi. Mzee wangu alikuwa ananiangalia akitabasamu, hajui lolote. Nikaona nikidanganya hapa, nitazeeka kando ya watu niliowapa shahidi asiyekuwepo.

"Ni Chebet, mama."

Mama Njoki akauliza mbona basi Chebet hayuko. Baba Ciku akaweka kikombe chini polepole. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Kunyweni tu chai," akasema. "Lakini nyumba siuzi."

Saa hii tunakaa kwa chumba kimoja kwa dada ya mke wangu, na mtoto ameshazaliwa. Mke wangu aliniambia nilifanya vizuri, halafu akalia. Nasikia nyumba iliuzwa kwa mtu mwingine, direct, bila chai. Sijui kama mama wa Plateau amepona, na naogopa kuuliza.

Nilichojifunza: biashara ikikulazimu kumficha mtu mmoja, utajikuta unaficha majirani, unaficha mpaka baba yako. Kama unataka kununua direct, tafuta mwenyewe tangu mwanzo. Usimtumie mtu halafu umruke akishakuonyesha mlango.

Sasa nisaidieni. Jana Chebet alinipigia. Mama Njoki alimweleza kwamba nilimtaja, na Baba Ciku akaghairi.

"Asante sana kwa kunisimamia," akasema. "Wengine hawangenitaja. Kesho nakupeleka kuona ingine, na hii siitishi mtu commission."

Anadhani Baba Ciku peke yake ndiye alimficha; hajui na mimi nilikuwa nimemwambia sawa, tumruke.

Nimwambie ama ninyamaze? Toeni maoni haraka wakuu, ameshafika kwa gate.