Mshale Uliotembea Wenyewe

Wanawake wa mji mkongwe wa Bagamoyo walimpenda Shadya kwa sababu moja: saa za kazi studio yake haikuingiwa na mwanamume. Ndani kulikuwa na pazia zito, na nyuma ya pazia hilo bibi harusi alikaa nywele wazi na mabega wazi, hina ikiwa bado imemkolea, akapigwa picha za kuonwa na mama zake na mashoga zake tu. Shadya alizichapa mwenyewe, akazitia kwenye bahasha na kumkabidhi bibi harusi mkononi. Nakala zilibaki kwenye kompyuta kwa muda, asije mtu akataka nyingine.

Kompyuta hiyo ilitunzwa na Hamidu, mdogo wa mumewe, fundi mwenye kibanda pale njia panda ya Msata. Mume, Muharami, alikuwa dereva huko Saadani na nyumbani hakuonekana mara kwa mara, kwa hiyo mashine ikigoma, aliitwa shemeji, jioni wateja wakishaondoka.

Kuna siku Shadya alifuta kwa bahati mbaya picha za harusi nzima. Hamidu akaleta programu ya kurudishia vilivyofutwa. Mara tu alipoifungua, antivairasi ikapiga kelele: pembetatu ya njano, na maneno kwamba programu hii huenda ikawa hatari.

"Usiijali, shemeji," Hamidu alisema. "Hii antivairasi ni mwoga, hulia hata kwa kivuli chake."

Picha zikarudi zote, na hakuna kilichoharibika. Shadya akaamini.

Kwa hiyo baadaye, Hamidu alipoweka programu nyingine, "nikusaidie nikiwa kulekule Msata, nisipoteze nauli," na ile pembetatu ikatokea tena, Shadya hakuuliza. Hamidu alipomwambia abonyeze pale panapoiamuru antivairasi inyamaze, alibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Ikaja asubuhi moja alipokuwa amekaa akikata picha za pasipoti kwa wembe, mikono yote miwili ina kazi. Mshale kwenye skrini ukasogea. Alidhani amegusa meza. Ukasogea tena, ukaenda moja kwa moja kwenye picha za Somoe, msichana aliyeolewa majuzi, ukazifungua. Moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne ukasimama. Picha ikavutwa karibu, ikavutwa tena, mpaka skrini nzima ikawa kifua cha mtoto wa watu.

Shadya aling'oa waya ukutani. Alihisi kama mtu aliyekwisha kunywa maji ya mtungi, kisha akachungulia na kumkuta mjusi ameozea chini. Alitoka uani akasukutua, akasukutua tena, na bado mdomo ukabaki na uchungu.

Mashine aliipeleka kwa Sophia, mwalimu wa kompyuta aliyesoma naye madrasa. Sophia aliichokoa, kisha akasema:

"Antivairasi ni mlinzi wa mlango. Mwizi anayemjua humkamata palepale. Lakini akimwona mtu ameshika panga, hana hakika, humuuliza mwenye nyumba: huyu unamfahamu, na panga ni la nini? Ile ya kurudishia picha ilikuwa panga la shamba. Na hii ya kuishika mashine ukiwa mbali nayo ni halali, mafundi wengi huitumia kusaidia watu."

"Basi ubaya uko wapi?"

"Katika namna ilivyowekwa. Msaidizi hubisha hodi, ukamkubalia, akaingia ukimwona, akamaliza akatoka. Hii imepangwa iamke yenyewe kila ukiwasha mashine, isiombe ruhusa, isionyeshe alama yoyote. Kisha mlinzi akaambiwa anyamaze."

"Nilimnyamazisha mimi."

"Aliyekwambia ni mtu unayemfahamu," Sophia alisema. "Ndivyo ilivyofanyika."

Shadya alipanda gari mpaka Msata. Hamidu alikuwa akila chipsi juu ya meza yake ya kazi, vidole vinang'aa mafuta.

"Karibu, shemeji."

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye mashine yangu?"

"Nilikuwa naangalia kama diski imejaa."

"Na diski ndiyo ile uliyoivuta karibu, kifuani?"

Hamidu alijifuta midomo kwa kiganja, akacheka kidogo. "Picha tu hizo. Nimemgusa nani mie?"

Kicheko hicho ndicho kilichomchefua kupita yote. Aliitazama mikono ile yenye mafuta, akakumbuka kuwa imewahi kumpakata mwanawe, akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe, Bi Tatu, alikwishapata habari. Alimkuta Shadya jikoni.

"Mwanangu, aibu ya nyumba haianikwi barazani. Yule ni mdogo wa mumeo."

"Mama, mficha uchi hazai. Na hii si aibu yetu peke yetu, ni ya watu waliotuamini."

Bi Tatu aliinama, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele.

Shadya alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wateja wake, akawaeleza. Wengine walimtukana, na matusi aliyapokea. Somoe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Yangu aliiona?"

"Aliiona."

Somoe alitema mate chini, akajitanda mtandio, akasema twende. Wakaenda polisi yeye, mama yake na Shadya. Kwenye kompyuta ya Hamidu kulikutwa picha za wanawake wengi, amezipanga vizuri, kila mmoja na jina lake. Muharami alipopigiwa simu aliuliza kama isingewezekana kusubiri Idi ipite. Shadya akakata simu.

Kesi iko mahakamani, na kibanda cha Msata kimefungwa. Siku hizi picha zikishachapwa, Shadya huzifuta mbele ya mwenye picha, na pembetatu ya njano ikitokea huacha kila alichoshika akaisoma neno kwa neno, na asipoelewa humpigia Sophia. Wateja wamerudi baadhi. Wengine huingia nyuma ya pazia, wakaitazama kamera, wakasema leo wapigwe picha na mitandio yao vivyo hivyo. Shadya huwapiga, na hawashawishi kuivua.