Pumzi Niliyoibakiza

Mapafu yangu yana makovu. Kila mwaka natoka Ubaruku kwenda Mbeya kupigwa picha za CT, moja nikiwa nimevuta pumzi, nyingine nikiwa nimeitoa yote, ili daktari aone ni sehemu gani bado inatanuka na kusinyaa.

Mwaka huu binti wa kwenye mashine alinisimamisha kabla ya picha ya pili. "Baba, bado umebakiza."

Nikamjia juu. Nimetoa yote, unataka nitoe na roho? Kumbe alikuwa sahihi. Miaka thelathini nimeimba besi kanisani, na mwalimu wa kwaya alitukataza kabisa kuishiwa pumzi kabla ya ubeti kwisha, hivyo nimezoea kubakiza akiba.

Nilipomweleza, alicheka. "Basi imba mpaka ikuishie."

Nikaimba nimelala chali, mpaka pumzi ikaniishia na sauti ikakatika. "Hapo hapo, tulia!" Picha ikapigwa.

Daktari aliilinganisha na ya mwaka jana. Makovu yamepanda kidogo, lakini sehemu ya juu ya mapafu bado inafanya kazi. Namshukuru yule binti kwa kunivumilia.

Jumapili kanisani pumzi ilinikatikia katikati ya ubeti. Mwenzangu wa besi akaishikilia sauti yetu mpaka nilipovuta pumzi na kuingia tena.