Pikipiki ya Biharamulo kwenye Mlima wa Ngara

Siku ile, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa usingizini. Nilikuwa kijana wa Kibimba, nimetoka kumaliza masomo ya jioni, najiona najua kila kitu kasoro kuruka. Nilikuwa nimejaribu pikipiki moja kule Biharamulo: ndefu, kiti kimelala chini, tanki limevimba kama fahali. Kwenye lami iliyonyooka ilikimbia mpaka kivuli changu kikaachwa nyuma! Mwenye nayo akakubali tubadilishane na ng'ombe wetu wa mahari, yule ambaye wakwe wa Rulenge walikuwa wakimsubiri.

Akaileta Ngara mjini. Shangazi yangu, msimamizi wa posa yangu, hakuitazama rangi hata kidogo. Alisogeza kiganja karibu na injini, akamgeukia muuzaji.

"Umesema umeizima tangu asubuhi. Mbona ina joto?"

"Ni jua, mama."

"Jua gani hilo linalochoma chini ya tanki tu?"

Injini iliyokwishapata moto huwaka upesi, mwanangu. Ugonjwa wake huuoni. Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka. Akapanda nyuma yangu na mkungu mzima wa ndizi mapajani.

"Mama, hii si ya kubebea ndizi!" muuzaji akalalamika.

"Na bibi harusi atabebwa na nani?"

Tukashuka mlima. Usukani ukatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na kila nikishika breki pikipiki inavuta kushoto. Tulipogeuza kupanda, kelele zilisikika Burundi, sisi bado tuko palepale. Nikasema nitaizoea. Shangazi akanifinya ubavuni.

Tulipofika juu alimwambia muuzaji, "Haya, zamu yako. Nipakie mimi na ndizi zangu, tushuke."

Yule bwana akautazama mteremko. Akamtazama shangazi.

"Mama, mimi nitashuka peke yangu."

"Basi shuka nayo mpaka Biharamulo."

Ng'ombe alikwenda Rulenge kwa miguu yake, na mke wangu akaja Kibimba.

Kwa hiyo, mwanangu, pikipiki ya namna ile ukiipenda sikukatazi. Lakini iwashe ikiwa baridi. Ipeleke polepole kwenye mlima utakaoishi nao, si kwenye lami ya mwenzako, tena ukiwa na mzigo wako nyuma. Kisha mwombe muuzaji akupakie yeye mwenyewe. Akisita, usibishane naye. Shika njia uende zako. Mungu akufikishe salama kila uendako, akurudishe mzima kwa wanaokungoja.