Tangu Kuku Wachukuliwe, Mama Mkwe Hasemi Nami

Ndugu mhariri, naomba jina langu ulifiche, maana mume wangu husoma ukurasa huu akiwa safarini.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Kilosa, nimeolewa hapa Tabora. Mume wangu anafanya kazi kwenye gari moshi la Kigoma, na akiondoka humwoni upesi. Hatujajaliwa mtoto. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili yenye ua nyuma. Kabla mama mkwe hajaja, kuna siku sauti pekee niliyoisikia mle ndani ilikuwa yangu mwenyewe, nikimwita paka wa jirani.

Baba mkwe alipofariki kule Puge, watu wa kwao walikuwa wanahamia kijiji cha ujamaa. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akasema mama aje kwetu kwanza mpaka yeye ajenge. Mama alishuka kwenye basi na tenga la kuku kichwani, jogoo na mitetea wake. Yeye ni Mnyamwezi wa shamba, Kiswahili chake cha kuokoteza, na mimi Kinyamwezi sikijui. Asubuhi nilimwambia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kama mume wangu alivyonifundisha, na hapo maneno yangu yakaisha. Lakini tulikuwa na kuku. Alinionyesha namna ya kuchanganya pumba, mtetea yupi anataka kuatamia, yupi mwizi wa mayai. Nikikosea ananipiga kikofi mkononi, tunacheka. Jioni tunakaa uani kuwatazama wakiingia stoo kulala. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nitoke kwetu.

Ndugu wasomaji, kuku hao walikuwa wanapenya ua wa mabua na kufukua mchicha wa jirani. Jirani akalalamika. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sheria ya mji hairuhusu kufuga kuku majumbani. Ongea na wenzako kabla mambo hayajafika mbali." Nikamwambia mume wangu azungumze na mama yake. Akasema, "Nitamwambia." Alikuwa amechoka, akalala, kesho yake akapanda gari moshi.

Asubuhi moja bwana afya wa mji alibisha hodi akiwa na vijana wawili. Nilifungua mimi. Niliwasalimia, nikajibu walichoniuliza, nikawaonyesha stoo, kwa sababu sikuona namna ya kukataa. Mama alisimama mlangoni kwake akiniona nazungumza nao vizuri, Kiswahili kinatiririka, mkono wangu umenyooka kuelekea kwa kuku wake. Wakawatia kwenye lile lile tenga lake. Aliongea maneno mengi siku hiyo, kwa sauti ya chini, akinitazama mimi wala si wao. Sikuelewa hata moja. Mume wangu alipokwenda kuwaulizia aliambiwa hawapo tena.

Tangu hapo mama akahamisha mafiga yake. Anapika peke yake, anakula chumbani kwake mlango umerudishwa. Namwamkia, anaitikia kwa kichwa. Mume wangu anasema, "Nimemweleza kwamba si wewe uliyewaita. Hataki kusikia, nifanyeje?" Kisha anaondoka. Tumebaki wanawake wawili, kila mmoja anasikiliza mwenzake akikohoa.

Hatukuwa peke yetu tulionyang'anywa. Watu wa mtaani wakalisema jambo hilo kwenye mkutano, wakalirudia na kulirudia, mpaka baraza la mji likakubali kuku wafugwe, mradi wafungiwe bandani, banda liwe mbali na kisima, na jirani aridhie. Nilikwenda kwa yule jirani kuomba ridhaa yake. Akanikaribisha ndani, akasema, "Dada, mimi sikutaka wachukuliwe. Nilitaka wafungiwe tu." Nikaita fundi akajenga banda. Nikanunua mitetea sokoni, nikaenda kumgongea mama. Nikasema, "Mayu, ngoko," yaani kuku, maana neno hilo nalijua. Alitoka, akawatazama, akasema kwa Kiswahili, "Hawa wako." Akarudi ndani. Nililia pale pale kando ya banda.

Lakini kuna siku nikiamka nakuta chombo chao cha maji kimekwisha jazwa. Sijawahi kumwona akikijaza, na sijathubutu kumuuliza.

Juzi shemeji alikuja kutoka Puge. Amemaliza nyumba kijijini, amekuja kumchukua mama. Ndugu zake wote wako huko, wanalima pamoja, na kuna mahali pa kufugia kuku apendavyo. Aliyasema hayo kwa furaha, na mimi nikaitikia kwa furaha ya mdomoni. Mama alisikiliza, halafu akamjibu kwa Kinyamwezi. Shemeji akanigeukia. Nikamuuliza, "Amesemaje?"

Akasema, "Anasema anatamani sana kwenda. Lakini anauliza, yeye akiondoka, wewe utakaa na nani?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia mchele anaupeta, kama vile hakusema kitu.

Shemeji amerudi kwake, atakuja tena baada ya mavuno kusikia jibu. Mume wangu anasema hilo tulimalize wenyewe, mimi na mama. Mimi najua nikimwambia abaki, atabaki. Najua pia kwamba hapa mjini hana mtu wa kuzungumza naye lugha yake, na jioni namsikia akijisemesha peke yake. Nikimwambia aende, nitarudi kumwita paka wa watu, na pengine ataona namfukuza kama nilivyowafukuza kuku wake.

Ninyi mliokaa na wakwe zenu, nishaurini. Nimwombe abaki nami, au nimfungie mizigo? Na kama ni aende, nimwambieje, kwa maneno machache niliyonayo, ajue kwamba simfukuzi?