Ng'ombe wa Abdia Aenda Chuoni

Tangu habari zifike kwamba Abdia amepata nafasi ya kusomea uuguzi Hola, kaka yake Guyo hakukamatika. Kila aliyekutana naye sokoni Garsen, awe muuza miraa au mama wa mboga, aliambiwa: dada yangu anakuwa daktari. Abdia alimsahihisha mpaka akachoka. Muuguzi, kaka, muuguzi. Lakini Guyo alikuwa keshampandisha cheo na hakuwa tayari kumshusha.

Ndani ya furaha hiyo mlikuwa na hofu moja tu, na hofu yenyewe, msicheke, ilihusu chai. Guyo naye alipelekwa shule ya bweni zamani, mtoto wa Kiorma aliyelelewa kwa maziwa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza akawekewa kikombe cha turungi, chai nyeusi tupu, isiyo na hata tone la maziwa. Akakitazama, akajiona yatima. Wiki haikuisha, akarudi nyumbani kwa miguu, na huo ukawa mwisho wa masomo yake. Hesabu hazikumshinda, wala walimu hawakumtesa. Kilichomshinda ni ile chai. Ndiyo maana aliamini kwa moyo wote kwamba watoto huacha shule kwa kukosa maziwa, na kwamba Abdia akiyapata, atamaliza.

Na maziwa Abdia alikuwa nayo. Alipozaliwa, marehemu baba yao alimtengea mtamba, kama ilivyo ada ya Waorma: mtoto hupewa ng'ombe wa kitovu, na kizazi chote cha ng'ombe huyo ni mali yake. Sasa mjukuu wa yule mtamba, ng'ombe mweupe mpole, alikuwa na ndama na maziwa tele. Tena Abdia mwenyewe alikuwa amesema chuo kina uwanja mkubwa wenye nyasi. Guyo akajumlisha: mwenye ng'ombe anaenda Hola, nyasi ziko Hola, ng'ombe anafanya nini Garsen?

"Kwani chuo kinafuga?" mama yao aliuliza.

"Watakataaje maziwa, mama?"

Mama akakubali. Naye pia ni Muorma.

Basi siku chache kabla ya Abdia kupanda basi, Guyo aliaga kwamba anakwenda malishoni. Abdia alinuna, akasema kaka gani huyu asiyeweza kungoja amsindikize dada yake. Guyo akameza siri yake na kushika njia ya kaskazini, ng'ombe mbele, ndama kando, mwendo ukiwa wa ndama.

Alitembea akiona raha. Kila alipopumzika alimwona Abdia ndani ya sare, pale kwenye zahanati ambako mama yao kila akienda hueleza maumivu yake kupitia kwa mtu wa kando anayemtafsiria, na nusu ya maneno hupotea njiani. Siku moja mama ataingia, atasema kwa Kiorma kifua kinanibana hapa, na Abdia ataelewa papo hapo. Alipofika Kinakomba wakulima walimpa ndizi, naye akawapa maziwa na habari za dada yake, habari zaidi kuliko maziwa.

Alipolifikia lango la chuo, Abdia alikuwa ameshaanza masomo. Askari, mzee wa Kipokomo aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa, alitoka mbio.

"Wewe, simama hapo! Ng'ombe unampeleka wapi?"

"Mimi naleta maziwa ya dada yangu," Guyo akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Yeye nasoma hapa, jina yake Abdia. Hii ng'ombe ni ya yeye."

"Ahaa. Na ng'ombe naye ameitwa? Anasomea nini?"

Wanafunzi wakajaa langoni, simu mikononi, vicheko juu. Guyo akacheka nao, mpaka alipogundua kwamba anayechekwa ni yeye. Ng'ombe naye akachagua wakati huohuo kuweka kinyesi katikati ya lango. Hapo ndipo Abdia alipotokea, sare mpya, viatu vyeusi vinang'aa, na Guyo akajiona alivyo, vumbi mpaka magotini, fimbo mkononi. Wakimcheka Abdia kwa ajili yangu, aliwaza, atakaa vipi hapa? Amekuja kuzuia dada yake asitoroke, na huenda ndiye atakayemtorosha.

Abdia alimtazama kaka, akamtazama ng'ombe, akawatazama wenzake.

"Ni wangu," akasema. "Nilipewa nilipozaliwa. Nani hapa ana wake?"

Akaomba jagi la askari, akamwacha ndama anyonye kidogo, kisha akachutama na sare yake ileile na kuanza kukama. Povu lilipopanda, vicheko vikageuka. Wasichana wawili wakaomba kujaribu, na askari, aliyekuwa akifoka sasa hivi, akaenda mwenyewe kuleta sufuria na vikombe. Guyo alifurahi mpaka akaona haya.

Walipokuwa wakinywa, Abdia akamvuta kando. Wao kwa wao walisema Kiorma.

"Kaka, sekondari yote ile, bwenini, nilikuwa nakunywa nini?"

Guyo hakuwa amewahi kuuliza.

"Turungi?"

"Turungi."

"Na hukulia?"

"Nililia. Halafu nikaenda darasani."

Guyo akainamisha kichwa, fimbo ikichorachora mchanga.

"Mrudishe ng'ombe nyumbani, mama apate maziwa," Abdia akasema kwa upole. "Mimi niko sawa. Wallahi niko sawa."

Kengele ikalia. Wengine wakaanza kujikokota, vikombe mkononi, wakiwa na hadithi ya kumaliza. Abdia akamkabidhi kaka yake kikombe, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakusanya sketi, akaondoka mbio kukatiza uwanja. Maishani mwake Guyo hakuwa amewahi kumwona mtu akikimbia kwenda darasani. Alidhani mbio za shule zina upande mmoja tu.

"Kimbia, Abdia!" akapaza sauti, fimbo juu, machozi yakimtoka mbele za watu. "Kimbia!"