Maji ya Goti

Mwishoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa kupima kina cha maji kwenye kinamasi kimoja karibu na Gotu. Mto ulifurika pale kila masika, lakini nyasi za majini zilizolisha ndama wakati wa kiangazi zilikuwa zimekwisha kwa kukanyagwa. Mradi wetu ulitaka kuzipanda upya. Miche ilivumilia maji yanayofika goti la mtu. Yakizidi hapo, inaoza.

Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, suruali imepigwa pasi, kiburi tele. Fimbo yangu yenye alama za sentimita ilipima maji ya siku ile tu, kwa hiyo habari za mafuriko ilibidi niulizie. Mama mmoja mfugaji, kiongozi wa wanawake ambao wangepanda, alikuwa akinywesha ngamia wake pale.

"Salaam aleikum, mama. Mto ikijaa, hapa maji inafika wapi?"

"Aleikum salaam, karani. Inafika goti tu."

Nikaandika: sentimita hamsini. Wakapanda siku tisa, migongo imepinda. Ng'ombe wachache waliombakia mama yule walitegemea nyasi hizo. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Masika yakaja, maji yakanifika kiunoni, miche yote ikaoza. Dereva wetu, mtoto wa wafugaji wa Korbesa, alicheka mpaka akaegemea usukani. "Karani, ulipima na goti ya nani? Sisi tunapima maji na goti ya ngamia!" Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza nusu.

Mkubwa wetu aliponiuliza kama akina mama walipanda vibaya, niliitikia kwa kichwa. Ningesema kweli, labda miche mingine ingeletwa, ikapandwa juu kidogo. Mradi ukafungwa. Niliona haya kukiri kosa, na haya ile ikaua mifugo ya mtu.

Miaka ya themanini, baada ya ukame, nilimkuta mama yule mjini, mtaa wa Kiwanjani, akiuza maziwa ya mifugo ya wengine. Alinitambua, akanipisha kwenye kigoda chake.

"Mkono yangu ndiyo ilikuwa mbaya, karani," akasema. "Nyinyi mlileta nyasi mzuri, mimi nikapanda vibaya. Ng'ombe yote ikakufa."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema ni mapenzi ya Mungu.

Akanishukuru kwa kumliwaza.