Baba Alibaki Nje ya Ofisi ya Kazi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwacha baba kwenye benchi, nje ya ofisi ya afisa kazi. Nilimdanganya kwamba ndani watu ni wengi. Ukweli ni kwamba Kiswahili chake kilijaa Kifipa, na mimi nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwa siku nyingi, nikiyasema peke yangu shambani kwetu Pito hadi yakanyooka. Sikutaka ayaharibu.

Nilikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Sumbawanga. Siku moja nilikataa kuteremka na lori mlima wa kwenda Mtowisa kwa sababu breki zilikuwa hazishiki. Tajiri hakunifokea. Alisema tu, "Kapumzike nyumbani kidogo, mwanangu." Niliporudi nilimkuta mtu mwingine juu ya magunia, mahali pangu. Nilichotaka kwa afisa kilikuwa kimoja: nirudishwe kazini.

Sheria nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari na kijitabu cha wafanyakazi nilichoazima. Nilijua kwamba mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, na kwamba mtu hafukuzwi bila kuelezwa kosa lake. Nilikuwa nimeketi mbele ya afisa tajiri alipoingia, nami nikasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako anakuulizia, mbona huji kula? Au umepata mapishi mengine?"

Mama huyo alikuwa mkewe. Afisa akacheka. Akaniuliza nilikuwa nakula wapi. Kwake, nikasema. Kulala? Kwenye stoo yake.

"Na mshahara?"

"Alikuwa ananipa kila mwisho wa mwezi."

"Hela ya sabuni ile," tajiri akadakia. "Ndugu afisa, pale kwangu ni ujamaa mtupu. Nani anamwajiri mwanawe?"

Bado nawaka nikikumbuka. Mtoto gani hupakia magunia tangu alfajiri huku watoto wenzake wanakwenda shule? Mtoto gani hulala na panya na madebe ya mafuta ya taa, na ndani ya nyumba kuna vitanda? Udugu wake ulikuwepo wakati wa kupakia tu. Nilipouliza habari za breki, ukaisha. Na ujamaa ule ule tuliohubiriwa kwenye mikutano kwamba hautaki mtu amnyonye mtu, yeye aliutaja mbele ya serikali ili aninyonye vizuri zaidi.

"Kuna mtu alisikia mkipatana?" afisa aliuliza.

Nikatazama mlango, nikafikiria baba na Kiswahili chake. Nikasema hapana.

"Basi haya ni ya nyumbani. Kayamalizeni huko."

Baba alisimama aliponiona, kofia mkononi. "Wamekurudisha?"

"Hapana. Wanataka mtu aliyesikia tukipatana."

"Si mimi hapa? Nilimpelekea tajiri wako debe la ulezi, tukakaa dukani kwake, akaniambia, huyu atakuwa mfanyakazi wangu, kila mwezi nitamlipa."

Alisema nusu kwa Kifipa, na yote yalieleweka. Nilirudi ndani mbio. Afisa alikuwa ameshafunga faili. "Uliulizwa, kijana," alisema, bila kuinua macho. Hasira niliyokuwa nayo kwa tajiri ikagawanyika, na fungu kubwa likaniangukia mimi.

Siku hizi nafanya kazi kwenye ghala la mahindi Laela. Kabla ya kuanza niliomba mkataba wa maandishi, na baba akaweka dole gumba kama shahidi. Msimamizi wangu namwita ndugu msimamizi, si baba.